Kusoma Kimalei: uanze na silabi au na mzizi wa neno?

Kuna njia mbili za kulikabili neno la Kimalei ukilikuta limeandikwa. Ya kwanza hulikata kwa silabi: bu-ku, ba-ca, me-nu-lis. Ya pili hutafuta mzizi kwanza, kisha hutazama viambishi vilivyobandikwa mbele na nyuma yake. Vitabu vya chekechea viko upande wa kwanza, kamusi na vitabu vya sarufi viko upande wa pili, na mwanafunzi mgeni huachwa ajichagulie mwenyewe. Makala haya ni kwa ajili yake: mzazi aliyehamia Malaysia na mtoto wa darasa la kwanza, mwanafunzi wa chuo kikuu anayetaka kujaza fomu bila kumsumbua jirani, au mtu aliyebaki Tanga au Mombasa na anapenda lugha tu.

Msimamo wangu nautoa mapema. Silabi ni mlango mzuri kwa mtoto. Mtu mzima anayesoma Kiswahili vizuri apite hapo haraka, kwa sababu kinachomchelewesha msomaji wa Kimalei ni urefu wa maneno, na urefu huo unatokana na viambishi.

Maandishi yenyewe

Kwa herufi za Kirumi, Kimalei ni lugha rahisi kuitamka. Mwaka 1972 Malaysia na Indonesia zilikubaliana kuandika kwa tahajia inayofanana, na hapo sauti yetu ya ch, ambayo Malaysia iliiandika ch na Indonesia tj, ikawa c kwa wote. Kwa hiyo *baca* (soma) hutamkwa "bacha", na *cuci* (fua, osha) ni "chuchi". Herufi moja, sauti moja, karibu kila mahali, kama tulivyozoea.

Vighairi ni vichache lakini vinauma. Herufi e ina sauti mbili. Moja ni e yetu ya kawaida. Nyingine ni irabu hafifu, fupi, isiyokuwepo katika Kiswahili sanifu. *Perang* kwa e hafifu ni vita, kwa e kamili ni rangi ya kahawia. *Sepak* kwa e kamili ni kupiga teke, kwa e hafifu ni kupiga kofi. Maandishi hayakuonyeshi tofauti. Pia k ya mwisho wa neno, kama katika *tidak* (hapana, si) au *anak* (mtoto), hukatwa kooni na haisikiki kama k kamili.

Halafu kuna ng, na hapa msomaji wa Kiswahili hujikwaa kuliko mtu mwingine. Ng ya Kimalei ni ng' yetu, ile ya ng'ombe. *Bunga* (ua) ni "bung'a". Ukitaka sauti ya ng kama katika "ngoma" lazima kuwe na g mbili: *tangga* (ngazi), *tinggi* (-refu kwenda juu). Anayesoma *tangan* (mkono) kama "tan-gan" amelikata neno pasipo pake, ni ta-ngan.

Njia ya silabi

Sote tuliosoma Afrika Mashariki tunaijua: ba be bi bo bu. Kimalei kinaifaa sana. Maneno yake ya asili hujengwa kwa aina nne tu za silabi: irabu peke yake, irabu na konsonanti, konsonanti na irabu, na konsonanti-irabu-konsonanti. Mizizi mingi ina silabi mbili. Mtoto akishajua *ba* na *tu* ana *batu* (jiwe), na akigeuza kidogo ana *buta* (kipofu). Baada ya wiki chache anasoma vitu halisi.

Kuna namna ya zamani ya kutaja herufi moja moja kabla ya kuunganisha. Kwa Malaysia naona haina faida, kwa kuwa majina ya herufi huko yamefuata Kiingereza: mtoto husema "bi, e, ba, ti, yu, tu, batu". Hakuna "yu" popote ndani ya *batu*. Silabi nzima nzima humwondolea mtoto hatua hiyo.

Ugumu wa kwanza wa njia hii ni silabi funge, zile zinazoishia konsonanti. Mtoto wa Kiswahili amezoea kila silabi iishe kwa irabu, kwa hiyo *makan* (kula) huelekea kuwa "makani", na *rumah* (nyumba) hupoteza h yake ikawa "ruma". Wala si watoto wetu tu. Katika utafiti uliochapishwa 2011, Lee Lay Wah na Kevin Wheldall waliwapima watoto 46 wa darasa la kwanza nchini Malaysia na kuwatambua 11 waliokuwa wakisuasua. Makosa yalifuata njia zinazojulikana: kushindwa kugawa neno katika silabi zake, kurahisisha silabi ngumu, kutojua herufi fulani inatoa sauti gani, na kushindwa kuziunganisha sauti zikawa neno. Kilichobashiri vizuri nani angelitambua neno kilikuwa vitu viwili kwa pamoja, utambuzi wa silabi na uwezo wa kuunganisha sauti moja moja. Mzazi anayemfundisha mtoto silabi kama picha za kukariri, bila kumsikilizisha sauti zilizomo ndani, amefanya nusu ya kazi.

Shule za Malaysia zenyewe zimejengwa juu ya ngazi hii. Mpango wa LINUS, ulioanza 2010 kuwapima watoto wa madarasa ya mwanzo, uligawanya kusoma na kuandika Kimalei katika hatua 12: herufi, silabi wazi, maneno ya silabi wazi, silabi funge, maneno yake, zile zenye ng, na kuendelea. Maneno yenye viambishi yaliwekwa hatua ya 10. Baada yake ni kusoma sentensi na kuelewa.

Hatua ya 10 kati ya 12! Kwa mtoto anayezungumza Kimalei nyumbani hilo halina neno. Tangu akiwa na miaka mitatu amesikia *membaca* na *dibaca* na anajua kwamba zote ni habari za kusoma. Anachokosa ni kuzitambua kwenye karatasi tu. Mtoto mgeni hana akiba hiyo. Anaweza kulitamka neno lote bila kosa na asijue limesema nini.

Njia ya mzizi

Tazama maneno haya yakikatwa kwa namna zote mbili:

| Neno | Kwa silabi | Kwa mzizi | Maana |
|---|---|---|---|
| membaca | mem-ba-ca | mem + baca | kusoma |
| menulis | me-nu-lis | men + tulis | kuandika |
| menyapu | me-nya-pu | meny + sapu | kufagia |
| pendaftaran | pen-daf-ta-ran | pen + daftar + an | usajili |
| kesihatan | ke-si-ha-tan | ke + sihat + an | afya |
| kewarganegaraan | ke-war-ga-ne-ga-ra-an | ke + warga + negara + an | uraia |

Safu ya silabi inakupa sauti. Safu ya mzizi inakupa sauti na maana, na mara nyingine inakupa neno ambalo tayari unalo: *daftar* ni ndugu wa daftari, *sihat* ni ndugu wa siha, na ukikutana na *keadilan* (haki) utaiona "adili" imekaa katikati. Kiarabu kilipita pwani zote mbili.

Neno la mwisho kwenye jedwali lina herufi 15 na silabi saba. Lisome kwa silabi, na ukifika *ra-an* umeshasahau ulianzia wapi. Lisome kwa mzizi, na ni vipande vinne, viwili kati yake vya kawaida kabisa: *warga* (mwanajumuiya) na *negara* (nchi). Mwaka 2010 kundi la watafiti wa Singapore, wakiwemo Melvin Yap na Susan Rickard Liow, lilichapisha hazina ya maneno 9,592 ya Kimalei yenye vipimo vya kila neno: herufi, silabi, mofimu (vipande vyenye maana, yaani mzizi na viambishi), mara ngapi hutumika. Walipolinganisha na Kiingereza, urefu wa neno ulionekana kuwa na uzito mkubwa zaidi kwa wasomaji wa Kimalei. Inaeleweka. Pale maandishi yanapofuata sauti kwa uaminifu, msomaji hushawishika kulipitia neno kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila herufi hudai sehemu yake ya muda.

Ukoo mmoja wa maneno unatosha kuonyesha faida. Mzizi ni *ajar*. *Mengajar* ni kufundisha, *belajar* ni kujifunza, *pengajar* ni mwalimu, *pelajar* ni mwanafunzi, *pelajaran* ni somo, *pengajaran* ni ufundishaji, *mempelajari* ni kulisoma jambo kwa undani, *terpelajar* ni msomi. Kwa silabi hayo ni maneno manane ya kukariri. Kwa mzizi ni neno moja na viambishi vichache, na viambishi hivyo hivyo vitakungoja kwenye kila ukurasa utakaofungua. Mswahili aliyezoea funza, fundisha, mafunzo na mwanafunzi hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuna faida nyingine ambayo sioni ikitajwa mara nyingi. Viambishi awali *me-, ber-, ter-, pe-, ke-, se-* vyote hutamkwa kwa e hafifu, daima. Ukishakitambua kiambishi umeshajua sauti ya e yake, na shaka inabaki kwenye mzizi tu. Chukua *berehat* (kupumzika). Ni ber + rehat, na *rehat* ni ndugu wa raha. E ya kwanza ni hafifu, ya pili ni kamili. Anayesoma kwa silabi anaziona e mbili zinazofanana na anabahatisha mara mbili.

Mzizi unapojificha

Njia hii ina gharama zake, na kubwa kuliko zote ni kiambishi *me-* na nduguye *pe-*. Hubadilika kulingana na herufi inayofuata: *melihat* (kuona), *membaca*, *mendengar* (kusikia), *mengambil* (kuchukua). Hadi hapo si kazi. Lakini mzizi ukianza na p, t, k au s, herufi hiyo humezwa na nazali, yaani sauti ya puani (m, n, ng au ny) iliyo mwishoni mwa kiambishi. *Pukul* huwa *memukul* (kupiga), *tulis* huwa *menulis*, *kirim* huwa *mengirim* (kutuma), *sapu* huwa *menyapu*. Ukitafuta "nulis" au "nyapu" kwenye kamusi hutaipata, kwa sababu Kamusi Kuu ya Malaysia, *Kamus Dewan*, imepangwa kwa mizizi. Lazima kwanza uirudishe herufi iliyomezwa. Sisi tunafanya jambo la jamaa hilo bila kujitambua tunapotoka ulimi kwenda ndimi, kwa hiyo akili iko tayari. Kinachohitajika ni mazoezi.

Mara nyingine kuna mizizi miwili inayostahili. *Mengukur* inaweza kuwa meng + ukur, yaani kupima. Inaweza pia kuwa meng + kukur, k ikiwa imemezwa, na hapo ni kukuna nazi. Kifaa chake kinaitwa *kukuran*, na mtu wa pwani akikiona atakiita mbuzi bila kusita. Fundi cherehani na mpishi huandika kitendo chao kwa herufi zile zile, na muktadha peke yake ndio unaoamua. *Beruang* ni dubu, ila pia ber + ruang, kuwa na nafasi, na kwa Kiindonesia ber + uang, kuwa na pesa. *Mereka* ni "wao", au me + reka, kubuni.

Wakati mwingine lugha yenyewe imeamua kuzuia mkanganyiko. Kutoka *kaji* kuna *mengaji*, kusoma Qurani kwa ustadhi, na *mengkaji*, kutafiti, ambapo k imeachwa ili maneno mawili yasigongane.

Na kuna viambishi bandia. *Menteri* (waziri) haina *men-*. *Merah* (-ekundu) haina *me-*. *Dinding* (ukuta) haina *di-*, *beras* (mchele) haina *ber-*, *terima* (pokea) haina *ter-*, *kedai* (duka) na *kereta* (gari) hazina *ke-*. Kanuni ya kusaidia ni hii: mizizi mingi ina silabi mbili, kwa hiyo ukiondoa kinachofanana na kiambishi na kilichobaki hakifiki silabi mbili, huenda umekata mfupa. *Merah* bila *me* inabaki "rah". *Beras* bila *ber* inabaki "as". Kanuni haikuokoi na *menteri* wala *kereta*. Hayo unayajua kwa kuyakuta tena na tena.

Hapo anayesoma kwa silabi anapata pumzi: yeye *menteri* haimsumbui hata kidogo.

Jambo dogo la kuangalia kwenye mabango: *di* ikiwa kihusishi huandikwa peke yake, *di rumah*, nyumbani. Ikiwa kiambishi cha kutendwa huunganishwa: *dibaca*, husomwa, *dilarang merokok*, marufuku kuvuta sigara. Hata wenyewe hukosea kuiandika, basi usishangae ukiona *dirumah* kwenye kibao cha duka.

Nani achague ipi

Mtoto anayezungumza Kimalei nyumbani: silabi, bila wasiwasi. Wazi kwanza, funge baadaye, kisha ng na ny. Viambishi atavitambua mwenyewe, na ukimwonyesha mara moja kwamba *buku-buku* ni vitabu vingi, atakuletea mifano usiyoiomba.

Mtoto wa Kiswahili aliyehamia huko: silabi kwa ajili ya kusoma kwa sauti shuleni, lakini usingoje hatua ya 10. Mara tu anaposoma maneno ya silabi mbili, mwandikie mzizi kwa rangi moja na kiambishi kwa nyingine: *baca*, *membaca*, *dibaca*, *pembaca* (msomaji). Jozi chache kwa wiki zinatosha. Akisuasua muda mrefu kuliko wenzake, rudi nyuma kwenye sauti moja moja na kugawa silabi, tena kwa kufundishwa waziwazi. Kumwongezea kadi za maneno mazima ya kukariri hakutamsaidia.

Mtu mzima: mzizi. Jifunze kutamka c, ng, h ya mwisho na e hafifu, kisha ingia kwenye viambishi moja kwa moja. Fomu ya ofisi ni kitabu kizuri cha mwanzo kuliko hadithi za watoto. *Tarikh lahir* ni tarehe ya kuzaliwa. *Pekerjaan* ni pe + kerja + an, kazi. *Pemohon* ni mwombaji na *permohonan* ni maombi, zote kutoka *mohon*. *Pembayaran* ni malipo, kutoka *bayar*. *Tandatangan* ni saini, na ndani yake kuna *tanda* (alama) na *tangan*, ule mkono tuliouona juu. Ukimaliza fomu moja kwa namna hii umeshakutana na viambishi vinavyofanya sehemu kubwa ya kazi kwenye gazeti.

Aliyepitia madrasa na kusoma maandishi ya Kiarabu ana mlango wa tatu, Jawi, maandishi ya Kimalei kwa herufi za Kiarabu zilizoongezwa nukta. Ng ni herufi moja, ڠ, na ny ni herufi moja, ڽ, kwa hiyo kosa la "tan-gan" haliwezekani. Ila irabu nyingi haziandikwi, na bila kuijua mizizi huwezi kuzijaza. Watoto wa Kiislamu nchini Malaysia hufundishwa Jawi ndani ya somo la dini. Kwa mgeni ningesema aje nayo baadaye, akishakuwa na mizizi ya kutosha kichwani.

Anayefikiria Jakarta badala ya Kuala Lumpur achague hivyo hivyo. Msamiati utamtofautiana kidogo: afya itakuwa *kesehatan*, pesa itakuwa *uang* badala ya *wang*. Lakini *me-* itaendelea kumeza p, t, k na s zile zile, na *ke-…-an* itaendelea kuzaa nomino. Aliyejifunza kwa mzizi atavuka mlango wa bahari na viambishi vyake vyote mkononi.